Wale Kumi na Sita Mmewaweka Wapi?

Leo nataka kuzungumzia kompyuta, lakini naomba nianzie Katesh.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Mimi ni mtoto wa Mbulu, Hanang ni majirani zetu. Siku hizo nilikuwa zamu kwenye chumba cha habari. Idadi ya waliofariki ikatangazwa 47, baadaye ikawa 63, na siku zilizofuata ikavuka 80.

Kwenye habari yangu idadi hiyo ilikaa sehemu nne: kichwa cha habari, aya ya kwanza, aya ya katikati na maelezo ya picha. Ilipofika 63 nikabadilisha sehemu tatu. Ya picha nikaisahau, ikachapishwa 47.

Mjomba wangu alinipigia simu akiwa ametoka kuzika huko. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida. "Mpwa wangu, juu mmeandika 63, chini ya picha 47. Wale kumi na sita mmewaweka wapi?"

Sikuwa na jibu.

Miezi kadhaa baadaye nikaanza kujifunza Python ili nisaidike na takwimu. Zoezi la kwanza nililojipa ni ongezeko la watu katika wilaya tano za Manyara kati ya sensa ya 2012 na ya 2022. Nikaandika hesabu ya Babati, nikainakili kwa Hanang, Kiteto, Mbulu na Simanjiro. Kisha nikagundua nimekosea: nilikuwa nagawanya kwa idadi mpya badala ya ile ya zamani. Nikarekebisha nne, Mbulu nikaisahau. Nyumbani kwetu kabisa! Ugonjwa ule ule.

Dawa yake inaitwa fanksheni. Ifikirie kama mashine ya kusaga kijijini. Huwezi kukuta kila nyumba ina mashine yake. Mama mmoja analeta debe la mahindi, anayefuata analeta mtama, kila mmoja anaondoka na unga wake. Mkanda ukikatika, unafungwa mpya mara moja tu, na kijiji kizima kinaendelea kusaga.

Yangu iko hivi:

def ongezeko(zamani, sasa):
    return (sasa - zamani) / zamani * 100

Neno def linaijenga mashine na kuipa jina. Zamani na sasa ndiyo mahindi unayomimina. Return ndiyo mlango wa kutolea unga. Ukiijenga tu bila kuiita kwa jina lake, haisagi kitu. Mkoa wa Manyara ulikuwa na watu 1,425,131 mwaka 2012, na 1,892,502 mwaka 2022. Andika ongezeko(1425131, 1892502), bila zile koma za maelfu, utapata kama 32.8, yaani asilimia. Kwa kosa langu la mwanzo ningewaambia wasomaji 24.7, na wengi wangeniamini.

Fanksheni zikiwa nyingi, zihifadhi kwenye faili lake. Langu naliita hesabu.py. Hilo sasa ni moduli. Programu nyingine ikilihitaji, inaandika import hesabu, halafu inaita hesabu.ongezeko na kuipa namba zake. Hakuna kunakili tena.

Tahadhari moja: mashine ikiwa mbovu, inaharibu unga wa kijiji kizima. Kwa hiyo ijaribu kwanza kwa namba ambazo jibu lake unalijua. Kutoka 100 kwenda 150 lazima ikupe 50. Na ukimimina mchanga itakusagia mchanga, haitakuuliza umeutoa wapi. Kuhakikisha idadi ni kazi yako, siyo ya Python.

Siku hizi habari ikiwa na idadi inayobadilika, naiandika mahali pamoja tu, na sentensi zote zinaichukua kutoka hapo. Ikipanda, zinapanda zote, hata ya chini ya picha.

Mjomba nilimweleza haya nilipokwenda nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama gazeti liliomba radhi. Nikamwambia ndiyo, mistari miwili, ukurasa wa ndani.

"Haya," akasema.