Jiwe lenye jina la Kenya, na njia ya kulifikia kutoka jijini

Ukisimama katika Barabara ya Kenyatta mchana wa jua na kuinua macho, utaona vioo. Ukienda Westlands au Upper Hill utaviona vingi zaidi, minara mizima iliyovishwa vioo kutoka chini hadi juu. Halafu ingia katika soko la Kangemi au la Kawangware. Kando ya mama anayeuza maharagwe na mahindi makavu hukosi kukuta vifungu vya vipande vyeupe vya magadi, vile vya kulainishia githeri. Kioo na githeri havielekei kuwa na udugu wowote. Hata hivyo, vyote viwili vinatupeleka kwenye ziwa moja, Ziwa Magadi, lililo yapata kilomita 110 kusini-magharibi mwa jiji.

Kioo hutengenezwa kwa kuyeyusha mchanga, na mchanga wenyewe kwa sehemu kubwa ni silika. Silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,700. Ukiitia magadi, ambayo yana sodiamu kwa wingi, joto linalotakikana hupungua sana. Chokaa nayo huongezwa, la sivyo kioo kingeyeyuka kikiguswa na maji. (Si kwamba vioo vyote vya Nairobi ni vya magadi yetu, vingi huletwa kutoka ng'ambo.) Sasa, mpenzi msomaji, jiulize: silika, sodiamu na maji vikikutana vyenyewe, bila tanuri na bila kiwanda, hutokea nini? Jibu lina majina matatu, na yote matatu ni ya hapa kwetu: magadiaiti, kenyaiti na makataiti. Ajabu ni kwamba wanafunzi wetu wengi wanayajua magadi ya trona, lakini jiwe lililopewa jina la nchi yao hawajapata kulisikia.

Ili kulielewa si lazima uanzie ziwani. Anzia hapo ulipo. Nairobi imekaa juu ya mawe ya volkeno yaliyomiminika yakiwa moto mamilioni ya miaka iliyopita, mawe yenye sodiamu nyingi kuliko kawaida. Maji ya mvua yakipenya ndani yake huyeyusha kidogo kidogo sodiamu, silika na pia floraidi. Ndiyo maana visima vingi virefu vilivyochimbwa jijini na viungani mwake, hata kwa wenye nafasi kule Karen na Lavington, hutoa maji yenye floraidi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe.

Hapa wazazi na watege sikio. Floraidi ikizidi, meno ya mtoto hutoka na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayasuguliki. Hatari ni katika miaka minane ya kwanza, wakati gamba la meno ya ukubwani linajijenga ndani ya ufizi. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki pale pale, hivyo huzidi kukolea. Magadi ya sokoni nayo hubeba floraidi kutoka ziwani. Mimi sina ugomvi na githeri laini, lakini mahali penye watoto wadogo ni afadhali kuloweka maharagwe usiku kucha kuliko kuongeza kijiko cha magadi chunguni.

Sasa twende magharibi. Matatu ya nambari 111 hupita Barabara ya Ngong, ikaacha nyuma Adams Arcade na Dagoretti Corner, ikapenya miti ya Karen na kufika Ngong. Abiria wengi husinzia. Asiyesinzia ataona kwamba barabara inapanda karibu muda wote. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha juu cha Vilima vya Ngong kinafika mita 2,460. Vilima hivyo ni mabaki ya volkeno kuukuu, na mgongo wake ndio unaoyagawa maji. Tone linaloanguka upande wa mashariki hujiunga na Mbagathi, kisha Athi, na mwisho wake ni Bahari Hindi. Tone linaloanguka upande wa pili hushuka katika Bonde la Ufa, na huko halina njia ya kutokea.

Kutoka Ngong unapitia Kiserian na kushika barabara ya Magadi, na hapo mteremko unaanza. Sweta la asubuhi ya Karen linavuliwa mapema. Njiani kuna Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimba katika miaka ya 1940 na kukuta mashoka ya mawe yametapakaa kama takataka za sokoni. Pale pana daraja la mbao la kutembelea juu ya mashoka hayo. Watafiti waliotangaza matokeo yao mwaka wa 2018 walionyesha kwamba watu walioishi hapo yapata miaka 320,000 iliyopita walikuwa wakiletewa mawe mazuri kutoka mbali, yakiwemo mawe magumu ya silika, meupe na ya kijani. Liweke akilini jiwe hilo la silika, la jamii ya gumegume, kwa kuwa tutakutana nalo tena.

Ziwa lenyewe liko mita 600 hivi tu juu ya bahari, na joto lake huwafanya wageni waseme kidogo. Chemchemi za moto hutoka pembezoni zikiwa zimebeba kila kilichoyeyushwa katika mawe ya volkeno. Jua hunyonya maji na kuacha magadi, meupe kwa waridi, ambayo yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu Kampuni ya Magadi Soda ilipoanzishwa mwaka wa 1911. Mwaka huo huo Wamaasai walitiwa katika mkataba wa pili na Waingereza, wakahamishwa kutoka Laikipia kuja kusini. Tangu mwaka wa 2005 kampuni hiyo imekuwa mikononi mwa Tata ya India.

Sasa jiwe letu. Maji ya ziwa kama hili ni makali na ya utelezi kama ya sabuni, na maji ya namna hiyo huyeyusha silika kwa wingi kupita maji ya kawaida. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa lilikuwa kubwa zaidi, na samaki wa jamii ya tilapia waliacha mifupa yao katika matope yake. (Ndugu zao wadogo wangali hai katika chemchemi za pembezoni, ndani ya maji ambayo mimi na wewe tusingeyawekea mguu.) Inaaminika kwamba maji matamu ya mito yalipotandaa juu ya maji mazito ya chumvi, ukali ulipungua pale yalipokutana. Silika ikashindwa kubaki imeyeyuka, ikatua chini pamoja na sodiamu na maji kidogo. Hayo ndiyo magadiaiti. Yakiwa mabichi ni meupe na laini, unayafinyanga kama unga wa chapati uliokandwa. Yakipigwa na jua hukauka, hupasuka, na hayarudii ulaini tena.

Aliyeyatambulisha ulimwenguni ni Hans Eugster, mwanasayansi mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, katika jarida la Science mwaka wa 1967. Ramani na ripoti ya jiolojia ya Magadi ilikuwa imekwisha kutolewa na B. H. Baker mwaka wa 1958. Eugster alitoa majina mawili kwa mpigo. Magadiaiti yana silika saba kwa kila sodiamu moja. Maji ya mvua yakiyapitia na kuiosha sodiamu, vinabaki vinundu vyenye silika kumi na moja kwa sodiamu moja, na hivyo ndivyo kenyaiti. Sodiamu ikiisha kabisa linabaki jiwe gumu la silika, jamii ile ile ya gumegume, ambalo ngozi yake ina mipasuko kama mgongo wa mamba. Jiwe hilo likipigwa hutoa ukingo mkali.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Duniani kote mawe magumu ya silika yamejaa, na mengi hayana uhusiano wowote na maziwa ya magadi. Lakini yule mtafiti anayekuta ngozi ile ya mamba katika mwamba wa zamani sana, katika nchi ambako hakuna tone la maji, hujua kwamba huenda palikuwa na ziwa kama la kwetu. Wanajiolojia wanaliita jiwe la aina ya Magadi. Magadiaiti yenyewe yaliwahi kupatikana pia Oregon na California, yakabaki na jina lake la kwetu.

Makataiti yalifuata mwaka wa 1970, hapo hapo ziwani, na jina lake linatokana na neno la Kimaasai la magadi. Baadaye yalipatikana Namibia na Kanada. Mtu wa Nairobi atafurahi kujua kwamba mji wake nao ulipata jina kutokana na neno la Kimaasai, la maji baridi.

Jamii hii ya mawe imejengwa kwa tabaka nyembamba mno, kama kurasa za kitabu, huku sodiamu na maji vikiwa katikati. Wanakemia hupenda hivyo, kwani sodiamu inaweza kutolewa na kitu kingine kikatiwa mahali pake. Siku hizi hawahitaji kuja Kajiado. Huchukua silika, sodiamu na maji, wakavifungia katika chombo cha chuma kwa joto la nyuzi 150 hivi, na baada ya siku chache magadiaiti yako tayari, meupe kama yale ya ziwani.