Wazima Moto wa Ngezi: Kumbukumbu za Mtumishi wa Misitu Pemba

Kikosi cha kuzima moto wa msitu, kwa maana inayokusudiwa katika tawasifu hii, si askari wa zimamoto wenye magari na mipira ya maji, bali ni walinzi wachache wa Serikali pamoja na wanavijiji wanaoitwa kwa sauti na kufika kwa miguu, wakiwa na mapanga, majembe na matawi mabichi. Mwandishi wake alitumikia kikosi cha namna hiyo katika Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, tangu miaka ya 1980 hadi alipostaafu.

Ngezi, yenye hekta zipatazo 1,440, ni mabaki ya msitu uliotoweka kwingi kisiwani kadiri mikarafuu ilivyoenea katika karne ya 19, hasa baada ya tufani ya 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja. Katikati yake, penye mivule na mipapindi, miti ya jamii ya mpopoo ambayo asili yake ni Pemba peke yake, moto hupenya kwa shida kwa sababu ya unyevu. Hatari iko pembezoni: kwenye vichaka vifupi vya jamii ya Erica, vinavyoota mchangani na kushika moto upesi, na kwenye maweni, yaani ardhi ya miamba ya matumbawe ya kale, ambako moto huingia katika mizizi iliyomo nyufani, ukafuka chini kwa chini na kuibuka mahali ambapo wazimaji wamekwisha kupaacha. Maweni ndiyo yaliyomfundisha mwandishi kutoyaamini majivu, akawa hukesha juu ya eneo lililozimwa, akipitisha kiganja karibu na ardhi kutafuta joto, hata wenzake walipodhani kazi imekwisha.

Silaha kuu ilikuwa njia ya moto, ukanda unaofyekwa na kukwanguliwa hadi udongo ubaki mtupu, na ilipaswa kuwa tayari kabla ya Kaskazi, upepo wa Disemba hadi Februari, kukausha majani. Miaka ambayo kazi hiyo ilicheleweshwa, wazimaji walilipa kwa mapafu yao.

Moto wenyewe ulitoka kwa watu: wakulima waliochoma mabua, wachoma mkaa, na warina asali waliobeba mienge. Mwandishi aliwahesabu wote kuwa wahalifu, na hilo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote kazini, kwa kuwa aliyeogopa kushitakiwa alikimbia badala ya kupiga kelele, na kikosi kikapata habari moshi ukiwa umekwisha kupaa. Sheria ya misitu ya 1996, iliyofungua njia kwa jamii kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na baadaye mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ulioanza 2010, havikuzima moto hata mmoja kwa maandishi. Vilichobadilisha ni nani anayekuwa wa kwanza kutoa taarifa. Warina asali walewale waliokuwa wakifukuzwa ndio waliokuja kuwa wazimaji hodari, kwa kuwa walizijua njia za msituni kuliko mlinzi yeyote.

Kwa hiyo mkulima wa Makangale, Tondooni au Konde anayekusudia kuchoma shamba lake anaombwa amwarifu sheha na jirani zake kwanza, afyeke mpaka, na asiondoke mpaka ardhi ipoe.