Frank na Dada Zake

Katika zama za Mwingereza, Moshi, Arusha, Umasaini na Mbulu zilikuwa Jimbo moja, la Kaskazini. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, na Hanang yenyewe ilikuwa tumboni mwa Mbulu mpaka mwaka 1969. Msomaji wa Pwani aliyezoea kudhani kuwa bara ni kitu kimoja na atazame Mbulu ile: Kiiraqw, chenye asili ya Kikushi; Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti; lugha za Kibantu pembeni; na bondeni Yaeda, Kihadza, ambacho wanazuoni hawajakipatia ndugu. Lugha ya kukutania ilikuwa Kiswahili. Hakikuwa cha Kiunguja wala Kimvita, na vina na mizani havikukishughulisha. Kilikuwa Kiswahili cha gulioni, na watu walielewana.

Kiswahili cha namna hiyo ndicho alichokiimba Frank Humplick, aliyezaliwa Moshi mwaka 1927, baba Mzungu na mama Mchaga. Aliimba na dada zake wawili, Thecla Clara na Maria Regina, na sahani za santuri zikawatambulisha kwa jina la Frank na Dada Zake. Yeye alishika gitaa. Wao walizipanda na kuzishuka sauti kandoni mwake, bila zumari, bila ngoma kubwa. Mwaka huohuo wa 1927, huko Bristol, Tennessee, familia ya Carter ilirekodi kwa mara ya kwanza nyimbo zake za vijijini, nazo zikaja kuwa msingi wa muziki wa kantri wa Marekani. Hapana haja ya kusema kuwa huyu alimwiga yule. Gitaa moja na sauti za ndugu wa nyumba moja ni shani inayoweza kuzuka katika mlima wowote.

Santuri za miaka ile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Basi mtunzi hakuwa na nafasi ya dibaji. Mshairi wa utenzi humhimidi Mola kwanza, kisha akaomba wino na karatasi. Humplick alikuwa amekwisha kumaliza wimbo. Ufupi huo uliwakera wengi waliolelewa na tungo ndefu, na hata leo wako wanaoviita vipande vyake vyepesi. Ni vyepesi kweli. “Chaupele Mpenzi” haina fumbo la kumkesha mtu. Lakini wimbo mwepesi husafiri. Ulikwenda kwa gramafoni ya kupiga hendeli, ukaingia dukani na katika kilabu cha pombe; na redio, iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ilipokuwa ikitanuka kufikia majimbo, nyimbo za namna hii zilikuwa zimekwisha kuwa na wenyeji wake. Kwa Wairaqw, ambao katika slufay humwacha mzee aghani nao wakaitikia kwa pamoja, mwimbaji mmoja na waitikiaji wake halikuwa jambo geni.

Serikali iliujua mwendo huo. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952. TANU ikaundwa tarehe 7 Julai 1954. Katikati ya hayo Humplick akatoa “Yes No I Don’t Know”. Jina lenyewe ni jibu la raia aliyeulizwa na askari asitake kujifunga: ndiyo, hapana, sijui. Watawala wakasikia humo uchochezi, wimbo ukapigwa marufuku, santuri zikasakwa.

Hapa ndipo wapenzi wa ushairi wanapopaswa kusita kidogo. Pwani imejivunia mafumbo karne nzima na zaidi. Taarabu imeishi kwa kijembe kinachomchoma mlengwa huku kikimwacha bila la kushitaki. Humplick hakuficha kwa istiari. Alificha kwa utani, kwa maneno machache ya Kiingereza ambayo hata asiyekwenda shule aliyashika kwa kusikia mara moja. Mkoloni akajikuta anapambana na lugha yake mwenyewe ikichekeshwa. Kuliharamisha “sijui” ni kukiri kuwa umelisikia likimaanisha jambo. Na marufuku ile, kama kawaida ya marufuku, iliupa wimbo uzito ambao gitaa peke yake lisingeupa.

Uhuru wa Tanganyika ulipofika mwaka 1961, zama za jazi zilikuwa zimewadia: magitaa ya umeme, mabendi yenye matarumbeta, na dansi la mijini. Gitaa la peke yake likarudi nyuma. Humplick alikaa Lushoto, katika milima mingine, na huko ndiko alikofia mwaka 2007. Santuri zile huvunjika zikidondoka. Zilizosalimika zimehamishiwa katika kanda, na wimbo uliosakwa na askari ukaja kupigwa redioni pamoja na zilipendwa, baina ya salamu na matangazo ya vifo.