Diski ya Sh75,000 na usingizi wa muuguzi

Kwa wiki tatu hivi, kompyuta ndiyo iliyokuwa hoja ya kila chakula cha usiku katika nyumba moja ya Kihonda, Morogoro. Mke ni muuguzi. Anafanya kazi kwa zamu na papo hapo anasoma shahada kwa njia ya masafa. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi. Kompyuta mpakato iliyoleta mjadala ni ya mke, aliinunua ikiwa imeshatumika, na kwa hesabu za haraka ina umri wa zaidi ya miaka kumi.

Shida ilikuwa moja: ilikuwa nzito kupita kiasi. Akirudi kazini alibonyeza kitufe cha kuiwasha, akaenda kubandika chai, akaloweka sare, akarudi na kukuta kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Siku moja alipima kwa saa ileile anayohesabia mapigo ya moyo ya wagonjwa. Kuanzia kuwasha hadi kuweza kuandika neno la kwanza katika ripoti yake ya utafiti zilipita dakika sita na ushee. Programu ya takwimu ya SPSS ilidai muda wake mwingine. Anayeingia zamu ya usiku akiwa na saa mbili tu za kusoma kabla ya kujilaza, dakika kama hizo hukatwa kwenye usingizi, kwa sababu kazini hawezi kuchelewa na watoto lazima wale.

Mume alikuwa na jibu lake. "Achana na viraka, ununue mpya. Tukope kikoba." Mpya aliyoiona dukani ilikuwa Sh1.2 milioni. Mke alikubaliana naye kuhusu uzito wa kompyuta, lakini kikoba hakukitaka, maana binti yao alikuwa anasubiri kwenda kidato cha tano na orodha ya mahitaji ya shule ilikuwa imeshabandikwa kwenye mlango wa jokofu.

Aliyeleta wazo la tatu ni mdogo wake mume, kijana anayeuza simu na vifaa vyake mjini. Alikuja Jumapili, akakaa mbele ya kompyuta ile, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Likafunguka dirisha linaloonyesha kila kiungo kinafanya kazi kiasi gani. Prosesa ilikuwa inatumika kwa asilimia 12. Kumbukumbu ya RAM ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Diski ilikuwa asilimia 100, na ikakaa hapohapo.

"Shemeji, hii haijazeeka mwili mzima," alisema. "Inachechemea mguu mmoja."

Hatua hii ndogo wengi huiruka. Wanasikia kwamba SSD inaharakisha kompyuta, wananunua, wanafunga, kisha wanalalamika. Wakati mwingine kilichokuwa kinaumwa ni RAM ndogo, au feni iliyojaa vumbi na kuifanya prosesa ipunguze mwendo isiungue. Muuguzi alielewa mara moja. Kazini kwao pia dawa haitolewi kabla ya vipimo.

Diski ya zamani ndani yake ina visahani vinavyozunguka, vingi vikiwa na mwendo wa mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokwenda huku na huku kutafuta kinachotakiwa. Ukiiomba faili moja kubwa, mfano video, inajitahidi, kiasi cha MB 100 kwa sekunde. Lakini kompyuta inapowaka haiombi faili moja. Inaomba maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, na kwa kila kimoja kichwa kinapaswa kusafiri na kusubiri kisahani kizunguke, milisekunde kumi na kitu kila safari. SSD haina kisahani wala kichwa. Kila kitu kimo kwenye chipu, na kufikia kijifaili huchukua muda ulio chini sana ya milisekunde moja. Nafuu ya SSD inatoka hapo, hata ile ya bei ya chini kabisa. Mwendo mkubwa ulioandikwa kwa wino mwekundu kwenye boksi si jambo ambalo mtu wa kuandika ripoti na kufungua barua pepe ataliona.

Waliyoichagua ni Kingston A400 ya GB 240, ya umbo la inchi 2.5, unene wa milimita 7, inayoingia palepale ilipokuwa diski ya zamani. Shemeji alikuwa amefungua mfuniko kwanza akahakikisha, kwa sababu kompyuta za karibuni nyingi hutumia vipande vyembamba kama ubao wa bigijii, navyo viko vya aina mbili zinazofanana kwa macho ila haziingiliani. Kiwanda kinaeleza kuwa A400 ya ukubwa huo husoma hadi MB 500 kwa sekunde na kuandika hadi 350, ina waranti ya miaka mitatu, na imepangiwa kuandikiwa TB 80 katika maisha yake.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyomtisha mume. "Kwa hiyo inaisha kama vocha?"

Ndiyo, inaisha. Kila seli ya SSD inachoka kadiri inavyoandikwa na kufutwa, na za bei nafuu huchoka mapema zaidi kwa kuwa kila seli hubebeshwa biti tatu, nyingine nne. Ila fanya hesabu. Mtu akiandika GB 20 kila siku, kiwango ambacho mwanafunzi wa ripoti na dodoso hakifikii, TB 80 zitamchukua siku 4,000, karibu miaka 11. Kompyuta yenyewe itakuwa imeshakufa kwa ugonjwa mwingine. Hofu ya kuisha kwa SSD imewazuia watu wengi bila sababu. Hofu inayostahili iko kwingine, na tutafika.

Bei waliyolipa ilikuwa Sh75,000, pamoja na risiti yenye namba ya diski. Duka la pili mtaa huohuo walioneshwa "SSD ya TB 2" kwa Sh40,000. Shemeji alicheka, lakini mume alitaka kujua kwa nini wasichukue kubwa kwa pesa kidogo. Bidhaa za aina hiyo zipo nyingi sokoni: ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyorekebishwa ili idanganye ukubwa wake. Unahamisha picha zako, majina yote yanaonekana, na zikishapita ukubwa wa kweli mpya zinaandikwa juu ya zilizotangulia. Unagundua siku unayoitafuta picha. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw, inaijaza diski yote kisha inasoma kila ilichoandika ione kama kimerudi kilivyokuwa. Inachukua saa kadhaa, na ni vizuri kuiendesha kabla risiti haijapotea.

Hata ile ya halali ilizua mshtuko kidogo nyumbani. Kompyuta ilionyesha GB 223. "Wametuibia 17!" Hawakuibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu moja moja, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kufunga kulifanyika kwa fundi, si kazi ya saa nzima. Windows iliwekwa upya na leseni ikajitambua yenyewe, kwa sababu kwa kawaida leseni ya kidijitali hufungamana na ubao mkuu wa kompyuta na si diski. Kisha fundi akatoa ofa: diski ya zamani abaki nayo yeye, apunguze Sh15,000 kwenye malipo ya kazi.

Mume alishaanza kuitikia. Mke akasema hapana, na hakusema kwa sauti ya chini.

Ndani ya diski ile kulikuwa na majibu ya dodoso za akina mama aliowahoji kliniki kwa ajili ya utafiti wake. Baadhi ya faili za mwanzo, kabla hajabadili majina kuwa namba, zilikuwa na majina, vijiji na hali za afya. Fundi aliahidi kufuta kila kitu. Lakini kwenye diski ya visahani, kufuta kwa kawaida ni kuondoa jina kwenye orodha tu. Maandishi hubaki mahali pake hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuyarudisha hupatikana bure. Akina mama wale walitia saini wakiambiwa kwamba siri zao zitalindwa. Sh15,000 isingeweza kununua sahihi hizo. Fundi, kwa heshima yake, hakubishana.

Kitu kingine kilichokuwemo ni sauti ya marehemu mama yake. Miaka michache kabla ya kufariki, bibi huyo alirekodiwa kwenye simu akieleza majina ya ukoo wao, nani alizaa nani, nani alihamia wapi. Dakika arobaini hivi, katikati jogoo akiwika. Faili moja tu, haikuwa na nakala popote.

"Na sauti ya mama itahamia?" aliuliza mara mbili.

Ilihamia. Na matokeo ya jumla yalikuwa kama shemeji alivyotabiri. Kompyuta sasa inawaka na kuwa tayari ndani ya nusu dakika. SPSS inafunguka kabla hajavuta kiti vizuri. Sauti ile ya kukwaruza imetoweka, na safari za bodaboda zenye matuta hazimpi tena wasiwasi uleule, kwani hakuna kichwa cha kugonga kisahani. Betri haikupona. SSD hutumia umeme kidogo zaidi, lakini betri iliyochoka imechoka.

Penye udhaifu pasifichwe. SSD nyingi za bei hii hazina chipu ya kumbukumbu ya pembeni inayozisaidia kukumbuka kila kitu kimewekwa wapi, na zina eneo dogo la haraka la kupokelea mzigo. Ukihamisha video za harusi za makumi ya GB kwa mkupuo, zinaanza kwa mbio, eneo lile likijaa zinashuka sana. Zikijaa karibu na ukomo pia huchoka. Ni busara kuacha nafasi, tuseme robo au moja ya tano. Mtu anayehariri video kila siku atafute ya daraja la juu. Muuguzi wetu hahariri.

Diski mpya pia haiwezi kuipa kompyuta ya zamani sifa za kupokea Windows 11. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulimalizika Oktoba 14, 2025, na kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 2026. Kwa hiyo Sh75,000 hii imenunua muda wa kumaliza shahada. Mume aliposema hivyo, safari hii alikuwa sahihi, na mke alimkubalia: kompyuta mpya itakuja, ila baada ya kidato cha tano.

Sasa ile hofu inayostahili. Diski ya visahani mara nyingi huaga. Inakwaruza, inachelewa, inakataa faili moja leo na mbili kesho, nawe unapata muda wa kuokoa vitu. SSD inaweza kuwa nzima usiku na asubuhi isionekane kabisa. Umeme ukikatika ghafla inapoandika, kwa kompyuta yenye betri mbovu kama hii, hatari inaongezeka. Na kilichofutwa kwa bahati mbaya ni vigumu kukirudisha, kwa kuwa kompyuta huiambia SSD isafishe nafasi hizo yenyewe. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha afya ya diski kwa asilimia, nayo inafaa kuangaliwa, ila asilimia 98 si ahadi. Kuiweka SSD kabatini miaka mingi bila umeme nako si hifadhi: kiwango cha kimataifa cha JEDEC kinaitaka SSD ya matumizi ya kawaida, ikiwa imeshachoka, itunze data mwaka mmoja tu bila umeme kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, na Morogoro kuna miezi inayozidi hapo.

Kwa hiyo diski ya zamani ilirudi nyumbani, lakini haikupewa kazi ya kulinda kitu peke yake, maana nayo ni mgonjwa. Ripoti na takwimu zisizo na majina zinanakiliwa kila Jumamosi kwenye fleshi na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili zenye majina ya akina mama ziko kwenye fleshi nyingine iliyowekewa nywila, ndani ya droo yenye ufunguo, na diski ya zamani imelala humohumo hadi ripoti ipitishwe. Baada ya hapo shemeji ameahidi kuiandika yote upya kisha kuivunja kwa nyundo.

Sauti ya bibi imetumwa kwa ndugu wote wanne. Mmoja wao, aliyeko Ifakara, amejibu kwamba kuna jina la babu mmoja limerukwa.