Wosia wa Aako: Kiti Kimoja Kati ya 71

Balang'dalalu, Hanang

Wajukuu zangu,

Nimerudi kutoka hospitali ya Haydom. Daktari, kijana mwenye adabu, alimvuta baba yenu nje ya mlango wakanong'ona, akidhani mzee hasikii. Nilisikia. Kwa hiyo nimeshika kalamu leo, mkono ungali unanitii.

Mali nimeshagawa. Ng'ombe kila mmoja anamjua wake, na shamba la alizeti mpaka wake ni ule mstari wa minyaa niliopanda mwenyewe. Asije mtu akausogeza nikiwa sina mdomo. Barua hii si ya mali. Ni jibu kwako wewe uliyerudi likizo kutoka chuo Dodoma, ukaniuliza mbele ya wenzako: "Aako, kuna faida gani kuwa mwanachama wa chama kisichoweza kushinda?" Wote wakacheka, nami nikacheka, nikaomba chai. Nilikukwepa, mjukuu wangu. Sikuwa na jibu la kutosha ndani ya dakika moja.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 1960 nilikuwa na miaka 16, nachunga. Hanang haikuwa wilaya wakati huo, wala Manyara haikuwa mkoa. Sote tulihesabika watu wa Mbulu. Uchaguzi wa Agosti mwaka ule ndio uliotupeleka kwenye serikali ya madaraka. Viti vilikuwa 71. TANU ikachukua 70, vingi bila kupingwa. Kile kimoja kilichobaki hakikuchukuliwa na Mzungu wala na chama cha gavana. Kilikuwa cha kwetu, Mbulu. TANU ilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, naye mtu wa TANU, akasimama peke yake kama mgombea binafsi, akashinda.

Sikilizeni vizuri, maana kisa hiki huwa kinasimuliwa kama kichekesho. Watu wa hapa hawakuikataa TANU. Wazee niliowasikia kisimani waliipenda TANU kuliko mvua. Walichokataa ni kuletewa jina limeshafungwa kama kifurushi. Na Sarwatt alipofika bungeni aliketi na wenzake wa TANU, mambo yakaendelea, Uhuru ukaja 1961 kama ulivyopangwa. Mbingu haikuanguka. Nchi nzima ilisema ndiyo, sehemu moja ikasema "ndiyo, lakini," na nchi ikabaki nzima.

Mlango ule ulifungwa upesi. Mwaka 1962 Zuberi Mtemvu wa African National Congress alipambana na Mwalimu Nyerere kugombea urais, akapata kura zisizofika mbili katika kila mia. Januari 1963 Halmashauri Kuu ya TANU ikaamua tuwe na chama kimoja, na Katiba ya 1965 ikaliweka jambo hilo kuwa sheria. Mtu kama Sarwatt, anayesimama bila baraka za chama, hakuwa na pa kusimama tena.

Siwadanganyi: sikuumia. Mwaka ule wa 1965 nilipiga kura yangu ya kwanza. Kila jimbo wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Tulifurahia mno. Na msidhani ilikuwa mchezo wa kuigiza, maana hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka mwaka ule. Baadaye nikawa balozi wa nyumba kumi, kofia kichwani, daftari kwapani. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991 kuuliza kama tubaki na chama kimoja, haikunifikia mimi, lakini ingenifikia ningejibu kama watu 80 katika kila mia walivyojibu: tubaki. Tume ikawasikiliza wale 20. Nilikasirika. Nilisema, wachache wanawezaje kuwashinda wengi? Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hawakushinda. Waliachiwa tu pa kukaa.

Kilichonifundisha ni ngano. Miaka ya sabini, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO yalifunguliwa kule Basotu, makumi ya maelfu ya ekari, kwenye malisho ya Wabarbaig, watu wa mama yangu. Nchi ilihitaji mkate, hilo silipingi. Lakini mfugaji aliyeamka akakuta njia ya ng'ombe wake imelimwa, alalamike wapi? Mbunge ni wa chama. Mkuu wa wilaya ni wa chama. Balozi, yaani mimi, ni wa chama. Tulimpokea kwa heshima, tukampa kiti, tukamwambia atulie. Kijiji cha Mulbadaw kikaona bora kiende mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Nimewaza mara nyingi: kama wakati ule kungekuwa na chama kimoja kidogo tu, cha watu 30 na baiskeli moja, kikisimama Katesh siku ya mnada na kulitaja jambo hilo kwa sauti! Huenda shamba lisingerudi. Lakini lalamiko lingekuwa na anwani.

Mama yangu asingeshangaa. Kwao wanawake wana baraza lao, girgwageda gademga. Hawatawali, baraza la wazee wa kiume ndilo lenye neno kubwa. Lakini mwanamume akimkosea mama, wanawake hukusanyika chini ya mti wao, humsikiliza, na wakimwona ana hatia humtoza ng'ombe. Nimewahi kuona mzee mwenye zizi kubwa akitoka nje ya kundi lile kichwa chini kama mtoto aliyemwaga maziwa. Wale kina mama hawakutaka kiti chake. Walitaka ajue kuwa ameonekana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuwahi kuwasimulia. Tarehe 29 Oktoba 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, nilikuwa wakala wa chama kidogo. Ndiyo, mimi, balozi mstaafu. Jina la chama niachieni. Rafiki yangu aligombea ubunge, akakosa mtu wa kumwakilisha kituoni, akaniangukia. Mke wangu, bibi yenu, hakunisemesha siku tatu.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Tulianza kuhesabu giza limeingia, taa ya chemli moja, ikifuka moshi. Wakala wa chama kikubwa alisinzia akiegemea ubao. Wa chama cha pili alikuwa ametoka kutafuta chakula. Karani alichoka, macho mekundu. Alikuwa hajala tangu alfajiri, wala simlaumu hadi leo. Nilikuwa na tochi yangu ya betri mbili. Nikamulika meza, nikaona furushi la kura za ubunge limewekwa upande usio wake. Nikasema, "Samahani, hilo." Akalifungua, akahesabu upya, akalihamisha. Kura zile hazikuwa za chama changu. Zilikuwa za chama kingine kabisa, na mshindi hakubadilika. Rafiki yangu alipata kura tisa, nami nilijua nyumba zote tisa. Kilichobadilika usiku ule ni namba moja kwenye fomu ya matokeo. Nilitia sahihi, nikatembea nyumbani, na mlima Hanang ulikuwa umeanza kuonekana.

Jibu la swali lako linaanzia hapo, mjukuu wangu, lakini haliishii hapo.

Mchukue Mchungaji Christopher Mtikila wa chama cha DP. Mtu mkali, mwenye maneno ambayo mengine yalinichukiza hasa, siyafichi. Aligombea urais mwaka 2005 akapata kura zisizofika hata moja katika kila mia. Kwa hesabu ya sanduku, si kitu. Lakini nenda mahakamani uone nyayo zake. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira, Dodoma, alikubaliana naye kwamba watu hawapaswi kuomba kibali ili wakutane, na kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Serikali ikaibadilisha Katiba kuzuia hilo la pili. Akarudi, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika, hapo Arusha tu, na Juni 2013 ikampa ushindi. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mgombea binafsi bado haruhusiwi. Yaani kile walichofanya babu zenu Mbulu mwaka 1960, mkoloni akiwa bado yupo, ninyi hamwezi kukifanya leo.

Sasa usije ukadhani nimekutuma ukakumbatie kila chama chenye bendera. Vipo vya mfukoni, mwenyekiti na katibu wakiwa mtu na shemeji yake, vinavyochipuka na msimu wa uchaguzi kama uyoga, kisha vinatangaza kumuunga mkono mgombea wa chama tawala kabla kampeni hazijaiva. Nasoma kwamba China wana vyama vidogo 8, vyote vinakubali kuongozwa na chama kikubwa. Angalau wao wameandika hivyo wazi. Na watu huhama. Frederick Sumaye, mtu wa Hanang yetu, Waziri Mkuu miaka 10, alitoka CCM mwaka 2015 kwenda upinzani, na mwanzoni mwa 2020 alikuwa amerudi. Si mimi wa kumhukumu. Mimi mwenyewe nilivaa kofia mbili. Ila usimcheke haraka Hashim Rungwe wa CHAUMMA na ahadi yake ya ubwabwa. Wasomi walishika mbavu, lakini katika wagombea wote nani mwingine alitaja sahani?

Kisha ikaja 29 Oktoba 2025, miaka 30 kamili tangu usiku wa chemli. Karatasi ya urais ilikuwa na wagombea 17, haijawahi kuwa ndefu hivyo. CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, haikuwemo, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mshindi alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97, na wale 16 wakagawana makombo. Intaneti ikazimwa. Vijana wakatoka barabarani mijini, na wapo ambao mama zao hawakuwaona tena. Ulipokaa siku zile bila kupatikana kwenye simu, nililala nimevaa viatu. Nilijua basi kwamba vyama vidogo vikijaa kwenye karatasi, hiyo si dalili kwamba kuna mtu anamulika meza. Chama kidogo kilichoalikwa ili picha ijae ni mbegu ya plastiki: shambani utaipanda, mvua utaingojea.

Kwa hiyo ukiniuliza ujiunge au usijiunge, sikwambii. Nakwambia uulize mambo matatu kwa mwenye chama. Nani analipa kodi ya ofisi yenu? Mwaka ambao hakuna uchaguzi mnafanya nini, siku ya mnada? Na mkiona kura za adui yenu zimewekwa fungu lisilo lake, mtasema? Hilo la tatu ndilo wengi huliogopa. Wakikujibu kwa hotuba, chukua pikipiki urudi nyumbani.

Na ninyi mliobaki CCM, mnaomdharau mwenzenu kwa kadi yake: mle naye. Atakayemnyima maji ya kunawa kwa ajili ya siasa, huyo si wa kwangu.

Mimi mnizike kawaida, bila kaburi la heshima la bung'eda. Sikuwa mtu mkubwa kiasi hicho, na watu wa mama yangu watalielewa. Sanduku la bati chini ya kitanda lina kadi yangu ya TANU na barua ya uwakala ya 1995, vimefungwa kwa uzi mmoja. Msivitenganishe. Tochi iko juu ya kabati, kioo kina ufa lakini inawaka. Apewe yeyote kati yenu atakayekwenda kukaa kituoni usiku kucha, wa chama chochote. Betri anunue mwenyewe.

Babu yenu