Ndabibi Haina Stesheni, Lakini Reli Ni Yake Pia

Ukitaka kufika Ndabibi, msomaji mpenzi, shuka mjini Naivasha kisha utafute matatu inayozunguka ziwa. Barabara ya upande wa kusini itakupitisha kwenye mashamba ya maua na karibu na mbuga ya Hell's Gate, mpaka Kongoni. Mbele ya Kongoni nchi inafunguka kuwa tambarare pana. Kaskazini utauona mlima Eburru, ambao mvuke hutoka ardhini mwake na wenyeji huukinga ukapoa na kuwa maji ya kutumia. Magharibi ni safu ya Mau. Ukigeuka nyuma, Longonot inakutazama kutoka ng'ambo ya ziwa.

Hapa utaona mahindi, ng'ombe wa maziwa na watoto wakitoka shuleni. Kitu kimoja hutakiona: reli. Stesheni zilizo karibu ziko upande wa pili wa ziwa. Kuna Naivasha yenyewe, halafu Morendat na Ilkek ukielekea Gilgil. Basi huenda ukauliza, kwa nini mtu aje Ndabibi kuzungumza juu ya majengo makuukuu ya reli? Ni kwa sababu historia ya kijiji hiki ilianzia relini, ingawa honi ya garimoshi haisikiki hapa.

Hebu turudi nyuma kidogo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na ikafika Nairobi Mei 1899. Kutoka hapo wajenzi walikutana na ukuta wa Bonde la Ufa karibu na Kijabe. Mteremko ulikuwa mkali mno, na njia ya kudumu ilihitaji muda. Kwa hiyo mabehewa yaliteremshwa kwa nyaya nene za chuma, moja baada ya jingine, ili kazi iendelee huko chini bondeni. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani huko Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi makwao. Walikufa.

Reli iligharimu fedha nyingi, na serikali ya kikoloni ilitaka mizigo ya kuilipia. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kuwaleta walowezi. Mwaka wa 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba wa kuhama sehemu hizi za Naivasha na Nakuru, zilizo kandokando ya reli, waende Laikipia. Mkataba wa pili wa mwaka wa 1911 ukawatoa huko pia na kuwapeleka kusini. Ndivyo Ndabibi ilivyokuja kuwa shamba kubwa la mfugaji mmoja Mzungu, Gilbert Colvile. Baada ya Uhuru ardhi ilibadilisha mikono tena, hadi kwa wakulima unaowaona leo.

Unaona basi? Mtoto wa Ndabibi anayeuliza ni nani aliyeishi hapa kabla ya babu yake, sehemu ya jibu lake iko kwenye stesheni ng'ambo ya ziwa.

Jengo lenyewe la stesheni linasema mengi kwa mwenye kulitazama vyema. Kuta za mawe au mbao, paa la mabati, baraza refu la kumkinga abiria na mvua. Kuna ofisi ya steshenimasta, na nyuma yake nyumba za wafanyakazi, ya mkubwa ikiwa kubwa na za vibarua zikiwa chumba kimoja kimoja. Enzi za ukoloni daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na Mwafrika alisafiri la tatu. Mwanafunzi anaweza kulisoma jambo hilo kitabuni akalisahau baada ya mtihani. Akisimama mbele ya vyumba hivyo na kuvipima kwa hatua zake, hatalisahau.

Lakini stesheni hazidumu zenyewe. Zamani injini za mvuke zilihitaji maji kila baada ya mwendo fulani, ndiyo maana stesheni ndogo zilikuwa nyingi. Injini za dizeli hazikuhitaji kusimama hivyo. Halafu malori na matatu yakachukua mizigo na abiria. Stesheni ndogo ikabaki bila kazi, na jengo lisilo na kazi ni kama mzee asiyetembelewa.

Wala halifi siku moja. Kwanza huondoka mlinzi. Kisha huondoka bati moja, na mvua ya msimu mmoja huingia kwenye mbao za paa. Mchwa hufuata. Milango na madirisha huenda kuwa kuni. Mizizi ya miti hupenya kwenye mawe. Vyuma navyo vina soko lake: uharibifu wa mali ya umma ulipozidi, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, kisha ikairuhusu tena baada ya miezi michache chini ya masharti. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika majengo haya, bati moja lililorudishwa mapema linaokoa paa zima.

Ni nani basi alirudishe bati hilo? Hapo ndipo penye kitendawili. Jengo ni mali ya Shirika la Reli, ambalo shughuli zake ni treni zinazotembea. Mwanakijiji anayelipita kila siku hana ruhusa ya kuligusa. Akipanda juu na nyundo anaweza kushtakiwa. Mwenye mali yuko mbali, na aliye karibu si mwenye mali. Katikati yao jengo linaanguka, na hapana mtu wa kulaumiwa.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inamruhusu waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kutangaza jengo la kihistoria kuwa lenye kulindwa. Tangazo hilo huzuia ubomoaji. Hata hivyo, tangazo kwenye gazeti la serikali halizuii mvua. Jengo hulindwa na watu walio na sababu ya kulifungua kila asubuhi.

Wengine wamelijaribu jambo hili. Jijini Nairobi makumbusho ya reli yamekuwapo tangu 1971, na humo limo behewa ambalo afisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba ndani yake huko Kima, Juni 1900. Jinja, nchini Uganda, nako jengo la zamani la reli limefanywa makumbusho. Kule Uingereza wananchi walipinga kufungwa kwa reli ya Settle hadi Carlisle, wakashinda mwaka wa 1989. Baadaye shirika la hisani la reli hiyo lilikodisha stesheni ya Ribblehead na kuikarabati. Neno kubwa hapo ni kukodisha: shirika linabaki na mali yake, na wenyeji wanapata karatasi ya kuwaruhusu kuitunza.

Stesheni ndogo katika bonde hili inaweza kuwa maktaba ya shule, ghala la chama cha ushirika, zahanati au kituo cha kukusanyia maziwa, na chumba kimoja kikaachwa kwa picha na masimulizi. Familia zinazoishi katika nyumba za zamani za reli zihusishwe kwanza, zisifukuzwe kwa jina la historia. Na mkataba useme wazi itakuwaje treni zikirudi, kwa maana hurudi. Treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi mwaka wa 2020 na ya Kisumu mwaka wa 2021, baada ya watu wengi kukata tamaa. Reli mpya ya kisasa nayo ilifika Suswa Oktoba 2019, ikaunganishwa na ile ya kale huko Longonot. Majengo yaliyodhaniwa magofu yanaweza kuhitajika tena.

Basi, mzazi, likizo ijayo usiwapeleke watoto kuona viboko wa Naivasha pekee. Wapeleke Ndabibi waone ardhi, kisha wavushe ng'ambo waone reli iliyoibadilisha ardhi hiyo. Nawe mwanafunzi, chukua daftari. Chora jengo, andika jina la stesheni na urefu wake kutoka usawa wa bahari kama kibao kingalipo, na umwombe mzee aliyewahi kufanya kazi relini akueleze kila chumba kilikuwa cha nani. Wazee hao wanapungua upesi kuliko mabati. Maelezo yao ndiyo yatakayomwonyesha fundi mahali mlango ulipokuwa, siku atakapokuja kuurudisha.