Kufuli Lilipopata Mwenyewe

Sisi tuliosoma msimbo wa Linux kabla ya 2008 tunaikumbuka njia ya zamani ya kuandika faili. Sehemu ya pamoja ya kerneli iliuchukua ukurasa wa kumbukumbu, kwa kawaida wa baiti 4096, ikaufunga kufuli, ikauita mfumo wa mafaili kupitia prepare_write, ikanakili data ya programu, kisha ikaita commit_write. Balaa lilikuwa kwenye kunakili. Data ikitoka kwenye ukurasa uleule unaoandikwa, uliounganishwa na programu kwa mmap, kisha ukurasa huo usiwe tayari, kerneli ililazimika kuuleta. Na kuuleta kulihitaji kufuli ambalo tayari ilikuwa imelishika. Programu ilikwama ikijingoja yenyewe, hata kill -9 isiitoe. Kinga iliyokuwepo ni kuugusa ukurasa wa chanzo kabla ya kufunga kufuli, lakini kumbukumbu ikibana, uliweza kuondolewa katikati ya hatua hizo mbili.

Toleo la 2.6.24, la Januari 2008, lilileta kazi ya Nick Piggin: write_begin na write_end, mbadala wa prepare_write na commit_write. Mfumo wa mafaili wenyewe ndio unaoufunga ukurasa, nao ndio unaoufungua. Kunakili hufanyika bila ruhusa ya kuleta ukurasa uliokosekana. Data ikiishia njiani, kufuli hufunguliwa, chanzo huguswa upya, kazi hurudiwa. Yuko atakayesema huku si kurahisisha, kwa kuwa awali kitanzi cha kurudia kunakili hakikuwepo, na kunakili mara mbili ni hasara. Ni kweli msimbo uliongezeka. Lakini marudio hayo yalikuwa nadra, maana chanzo kilikuwa kimekwisha kuguswa, ilhali mkwamo mmoja hauna tiba. Kisha tazama mifumo ya mafaili inayotumiwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, kama GFS2 na OCFS2: inahitaji kufuli la mtandao kabla ya lile la ukurasa, lakini ilikabidhiwa ukurasa uliokwisha kufungwa, ikalazimika kuufungua na kuomba kazi ianze upya. Tangu write_begin, mpangilio huo wa kufuli ukawa mikononi mwa mifumo yenyewe. Urahisi ninaoutetea ni huo: kujua nani ana kufuli, tangu lini hadi lini.

Ndiyo maana toleo la 5.16 la 2022 lilipoleta folio, ukurasa mmoja au zaidi chini ya kufuli moja, halikuhitaji kuyavunja makubaliano hayo ya nani anashika kufuli. Anayeandika mfumo mpya wa mafaili leo aanze kwa kuisoma write_end, aone kufuli linaachiwa wapi.